Mjomba, mume wangu anastaafu Juni na nyumba imejaa mbwa

Shikamoo Mjomba.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 52, nauza vitenge hapa Mwanga, Kigoma. Mume wangu ni mwalimu wa Jiografia wa sekondari. Ameshika chaki miaka 33, na mwezi wa sita mwakani anatimiza 60. Usije ukadhani nakuletea kesi ya ulevi au nyumba ndogo. Mume wangu hanywi, hapigi mtu, na mshahara wake naujua hadi makato. Tatizo langu ni jingine, na wenzangu wa kikoba nikiwasimulia wanacheka mpaka wanashika mbavu.

Mambo yalianza Januari. Alirudi shuleni jioni akakaa kwenye ngazi ya mlango, hajavua hata viatu. Akaniambia, "Mama Neema, leo nimeandika ubaoni kina cha Ziwa Tanganyika. Mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal. Naandika hivyo kila mwaka. Leo mtoto mmoja kaniuliza, mwalimu, wewe umewahi kufika Gombe? Nikamwambia sijawahi." Alisema hivyo akaingia kulala bila kula.

Tangu siku hiyo hatujatulia. Februari alitupeleka Ujiji, pale Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, mahali ambapo sisi wenyeji tunawaelekeza wageni na wenyewe hatuingii. Machi tukawa kila Jumamosi tuko ufukweni Bangwe. Pasaka tukapanda boti Kibirizi kwenda Gombe. Mjomba, mimi nilikuwa naona ni hasara tupu. Lakini tulipokuwa tunapanda kuelekea maporomoko ya Kakombe, sokwe jike akakatiza njia na mwanae mgongoni, akapita kama mama anayewahi sokoni, hata hakutugeukia. Usiku ule sikulala. Basi, tuendelee.

Likizo ya Juni tulipanda treni hadi Tabora kwa shemeji yake, tukarudi na ndoo ya asali. Nane Nane akaazima hema, tukalala mchangani kusini ya mji, mimi, yeye, watoto wawili, mjukuu wa miaka sita na vijana wawili wa jirani. Usiku upepo wa kusi ukaja, hema likapaa likanasa kwenye mti. Asubuhi tukirudi na mtumbwi mawimbi yakawa yanaingia ndani, tunachota maji kwa sufuria. Tulikuwa saba na mwenye mtumbwi wa nane, maboya ya kujiokolea yalikuwa matatu. Mume wangu alikuwa anamweleza mjukuu jinsi bonde la ufa lilivyofanyika.

Sasa wanyama. Tulikuwa na mbwa mmoja, Simba, mzee mwenzetu. Leo wako wanne. Wawili aliwaokota wakiwa watoto mwaloni Katonga, mmoja alitufuata tu kutoka matembezini na hakurudi kwao. Simba huyo alitaka kumpeleka Gombe, walinzi wakamkatalia, akanuna siku mbili. Mwezi wa kumi mmoja wa wale wa Katonga akamng'ata mtoto wa jirani kwenye kifundo cha mguu. Si kidonda kikubwa, mama yake tulimwomba radhi na kitenge nikampa, yakaisha. Kuna na kasuku, wa kijivu mwenye mkia mwekundu, alimnunua kwa mtu aliyekuja na boti kutoka ng'ambo. Ameshaiga sauti yangu. Mume wangu akiingia tu getini, ndege anauliza, "Pesa iko wapi?" Watoto wanaanguka kwa kicheko. Mimi sicheki.

Lililonifanya nikuandikie ni hili. Mwezi uliopita fundi boti alikuja dukani kwangu kununua kitenge cha mke wake, akaniambia, "Shemeji, mwambie mwalimu mbao zimefika." Mbao gani? Ndipo nikajua mume wangu ameshatoa laki tano ya kushikilia boti. Boti na mashine yake ni milioni 18, atamalizia akipata kiinua mgongo, abebe wageni wa Gombe na siku nyingine avue. Nyumba yetu Kasulu imekaa kwenye lenta mwaka wa sita huu. Nilipomuuliza, hakukasirika. Alisema tu, "Nyumba haitembei, Mama Neema."

Mjomba, nimzuie? Na nikimzuia, huyu mwanaume aliyekaa pale kwenye ngazi atarudi?

Ni mimi, Mama Vitenge, Kigoma.

*

Marahaba, mpwa wangu.

Nitaanza na kasuku, maana boti inaweza kungoja, yeye hangoji.

Kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu si kuku wa kununua gulioni. Tangu mwaka 2016 mataifa yalikubaliana, chini ya mkataba wa CITES, kumweka kwenye orodha ya viumbe wasiotakiwa kabisa kufanyiwa biashara wakitolewa porini. Hapa kwetu Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kukaa na mnyama au ndege wa porini bila kibali. Aliyemvusha kwa boti ameshakula hela yake na kwenda zake, lakini ndege yuko kwenu na anaongea kwa sauti yako. Nendeni ofisi ya wanyamapori ya wilaya, Mwalimu aende kwa miguu yake mwenyewe, aeleze alivyompata, na wao waseme ndege anakwenda wapi. Msimwachie angani mkadhani mmemhurumia; aliyezoea kulishwa na watu hajui kujitafutia, atakufa kwa njaa au kwa mwewe. Na usimuuzie mtu. Najua mjukuu atalia. Mwache alie.

La pili, yule mtoto wa jirani. Hapa umenitisha kuliko kote, na wewe umelipita kwa sentensi mbili na kitenge. Barua yako yote haisemi kama mbwa wale wamechanjwa. Kichaa cha mbwa dalili zake zikishaonekana kwa mtu, hakuna hospitali itakayomrudisha. Jeraha la mbwa, hata mkwaruzo, linaoshwa papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha ni kituo cha afya kwa ajili ya sindano. Zile sindano si moja, na ratiba yake haikatizwi. Mbwa aliyeng'ata anafungwa na kuangaliwa siku kumi. Kama huyo wa kwenu alizimaliza siku kumi akiwa mzima, anakula na kunywa vizuri, hatari kwa kung'atwa kule imepita, mshukuruni Mungu. Hata hivyo nenda leo kwa yule mama mkazungumze, mtoto apelekwe akaonwe, gharama iwe yenu. Kisha bwana mifugo aje awachanje wote wanne kwa siku moja, na kila mwaka hivyo hivyo. Tarehe 28 Septemba ni siku ya kichaa cha mbwa duniani na sehemu nyingi huchanja wakati huo, ila ninyi msingoje Septemba. Majike, kama wapo, wafungwe kizazi, la sivyo mwakani utaniandikia una kumi na moja.

Na Mwalimu asinune kwa ajili ya Simba. Mwaka 1994 ugonjwa uliotoka kwa mbwa wa vijijini uliingia Serengeti ukaua karibu theluthi ya simba wa kule. Sokwe nao wanashika mafua yetu na yanawaua, ndiyo maana mnapokwenda kwao mnaambiwa msiwasogelee, na mwenye kikohozi anabaki chini. Mtu aliyefundisha Jiografia miaka 33 akielezwa hivyo ataelewa, pengine atageuza somo.

Haya, sasa tuje kwenye boti.

Mimi nilistaafu reli hapa Tabora. Jumatatu ya kwanza niliamka saa kumi na nusu alfajiri, nikaoga, nikavaa shati la kazi, nikakaa sebuleni. Mke wangu akatoka chumbani na tochi, akaniuliza namsubiri nani. Sikuwa na jibu. Kufika wiki ya tatu nilikuwa nimenunua bajaji mbili. Mimi sipendi bajaji, sijawahi kuzipenda, zinanipa kizunguzungu. Nilichotaka ni simu ilie asubuhi, mtu aniambie kuna tatizo na mimi ndiye wa kulitatua. Simu zililia kweli. Gia imekufa, dereva kakamatwa, tairi, tairi, tairi. Baada ya mwaka na miezi miwili niliziuza zote mbili kwa bei ya moja, na mke wangu mpaka leo akisikia bajaji inapita huwa anakohoa kidogo. Yeye sikumuuliza nilipokuwa nanunua. Nilimwita kuja kuzipiga picha.

Ndiyo maana nilipofika kwenye yule fundi na mbao zake, niliweka miwani chini. Nimehesabu safari za mwaka wenu, mpwa wangu, na kila safari umo. Ujiji umo, Gombe umo, kwenye mtumbwi wa mawimbi umo na sufuria mkononi. Lakini mbwa wa pili, wa tatu, wa nne, kasuku, laki tano: hapo haumo hata mara moja. Unaitwa kwenye matembezi, kwenye maamuzi unapata habari kwa wateja. Kama ningekuwa wewe nisingegombana juu ya boti. Ningegombana juu ya hilo, na ningegombana kwa sauti ya chini, tena nje ya nyumba, kule Bangwe, Jumamosi, watoto wakiwa majini. Mwambie hivi tu: "Baba Neema, mbao zilinifikia kabla yako." Halafu nyamaza. Mtu aliyeweza kulala bila kula kwa swali la mwanafunzi, hilo nalo litamfika.

Akishafikiwa, leteni karatasi na kalamu, maana hapa ndipo wastaafu wengi tunapodanganyika. Tunahesabu mkupuo, hatuhesabu mwezi. Kwa utaratibu wa sasa wa PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, unachukua miezi uliyochangia, unaigawa kwa 580, unazidisha kwa wastani wa mshahara wa mwaka mzima katika miaka mitatu mizuri. Jibu hilo ndiyo pensheni kamili ya mwaka. Asilimia 40 yake inazidishwa kwa 12.5 na kulipwa kwa mkupuo (ilikuwa 33 tangu Julai 2022, ikapandishwa kwenye bajeti ya 2024/25, ingawa wapo waliopewa 35 kulingana na mfuko waliotoka, kwa hiyo muulize mwenyewe alikuwa mfuko gani kabla ya kuunganishwa mwaka 2018). Asilimia 60 inayobaki inagawanywa kwa 12, hiyo ndiyo ya kila mwezi.

Tuseme wastani wa mshahara wake ni milioni moja na laki mbili. Miaka 33 ni miezi 396. Hesabu inakupa pensheni ya mwaka kama milioni 9.83. Mkupuo unakuwa kama milioni 49, na kila mwezi kama laki nne na elfu 91. Usiitazame ile 49. Itazame hiyo ya pili. Nyumba iliyokuwa inaendeshwa kwa milioni moja na ushee kabla ya makato itaendeshwa kwa chini ya laki tano, na mbwa wanne wanakula ugali na dagaa chenga kila siku ya Mungu. Vitenge vyako ndivyo vitakavyoziba hilo pengo. Kwa hiyo ukiniuliza una haki gani ya kusema kuhusu boti, hiyo ndiyo haki yenyewe, imeandikwa kwa tarakimu.

Boti ya milioni 18 inakula zaidi ya theluthi ya mkupuo kabla haijagusa maji. Kisha ni mafuta, fundi wa mashine, mtu wa kuilinda mwaloni usiku, na usajili na ukaguzi wa TASAC, wale wanaosimamia usalama wa vyombo vya majini, kwa sababu chombo cha kubeba abiria hakiendeshwi kwa kujuana na watu wa Kibirizi. Uvuvi nao usiutegemee kama unavyotegemea mshahara: mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, makubaliano ya nchi zote nne zinazolizunguka, ili samaki wapumue. Miezi mitatu mashine iko juu ya mawe.

Lakini simsemei vibaya, na sitaki ukamwambie Mjomba amekataza. Nasema aionje kwanza. Kati ya sasa na Juni akodi boti ya mtu mara nne, tano, apeleke wageni wa kweli wanaolipa hela ya kweli, sio wajukuu. Wewe ukae na daftari la duka: mafuta kiasi gani, mwenye boti kiasi gani, kilichobaki kiasi gani. Mimi nina wasiwasi atagundua anachopenda ni kueleza, uendeshaji anaweza kumwachia mtu mwingine. Mwanaume anayefundisha bonde la ufa huku mtumbwi unajaa maji, huyo mtaji wake uko mdomoni. Wenye boti hawakosekani Kigoma. Anayeweza kumweleza mgeni kwa nini ziwa lina kina hivyo na samaki wake hawapatikani kwingine, huyo ni adimu, na haendeshwi kwa petroli. Kama daftari litasema boti inalipa, hata mimi nitakuja kuizindua. Ile laki tano kamwambieni fundi mnasogeza mpaka Septemba. Akikataa, hiyo ni ada ya shule, lipeni mnyamaze.

Mkupuo ukiingia, kaeni miezi mitatu bila kuugusa. Wajomba, mashemeji, watoto wa dini na watu wa miradi watakuja kwa zamu, jibu ni moja, "Mama Neema ndiye anayeshika daftari." Ile nyumba ya Kasulu sina haraka nayo kama wewe. Swali langu ni dogo: mnataka kweli kuhamia Kasulu, au mlianza kujenga kwa sababu kila mtu anajenga kwao? Barua yako ina Bangwe, Kibirizi, Katonga, Mwanga. Kasulu imo mara moja tu, na imesimama kwenye lenta. Ulizaneni. Mkisema ndiyo, ezekeni vyumba viwili, vingine vitafuata. Karatasi nazo mzianze sasa hivi: barua ya ajira ya kwanza, ya kuthibitishwa kazini, za kupanda daraja, na majina yafanane na kitambulisho cha taifa herufi kwa herufi. Mwenzangu mmoja alizungushwa miezi minane kwa herufi "h".

Wale mbwa wawili wa Katonga mtafutieni mmoja wao mwenyewe mpya, mtu mwenye uzio. Simba abaki, mzee hafukuzwi. Yule aliyewafuata wenyewe naye abaki, maana amechagua.

Na maboya. Watu wanane, maboya matatu, mtoto wa miaka sita, kusi inavuma! Kabla ya boti, kabla ya bati la Kasulu, nunueni maboya ya kutosha kila kichwa, na la mtoto liwe saizi ya mtoto. Mwezi wa tano mpaka wa tisa ziwa lile likichafuka halimjui mwalimu wala mvuvi. Hili sitaki mjadiliane.

Umeniuliza kama ukimzuia, yule wa kwenye ngazi atarudi. Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali unapolalamika kuhusu Gombe. Ulianza kulalamika, ukasema ni hasara tupu, halafu akapita sokwe na mwanae. "Usiku ule sikulala. Basi, tuendelee." Uliondoka haraka mno hapo. Umewahi kumwambia mumeo kwamba hukulala? Nadhani hujui kuwa yeye anaamini amekuburuta mwaka mzima, na mtu anayeamini anamburuta mwenzake huwa anaacha kumuuliza, anaogopa ataambiwa basi. Mwambie ya sokwe kwanza, kabla ya zile mbao. Ukianza na mbao hatasikia lingine.

Kasuku ni Jumatatu. Mwende wote wawili.

Na hiyo asali mliyobeba Juni, kama mlinunua pale stesheni mmepunjwa. Mkija tena na treni piteni kwangu, niletee migebuka wakavu, mimi nitakupa ya msitu iliyovunwa na mtu ninayemjua.

Mjomba, Tabora.